Mirija Tuliyoichemsha

Mdogo wangu aliporudi kutoka kulinda amani nchi ya jirani, tulimkaribisha kama watu wa kwetu, magharibi mwa nchi, wanavyokaribishana: chungu cha busaa, pombe ya nafaka, katikati ya sebule ya mama mtaani Waithaka, tukipokezana mirija mirefu ya kunywea. Ilikuwa Julai. Mama alifunga madirisha ili baridi isimpate mwanawe.

Alikohoa jioni nzima.

"Afande," mjomba akamtania, "huko mlipigana na adui ama na kikohozi?"

"Ni vumbi, mjomba. Hema nzima tulikuwa hivi."

Tukacheka. Likizo yake yote wageni walijaa, na kila walipoondoka mama aliichemsha mirija, maana ugonjwa, alisema, hupitia mdomoni. Madirisha hakuyagusa.

Mdogo wangu alirudi kambini. Baadaye mama naye akaanza kukohoa, nguo zikamlegea. Mimi sikutulia. Miguu yangu haijawahi kujua kukaa. Nilitoka kwangu mtaa wa Jamhuri nikatembea hadi mjini, nikasimama mbele ya duka lililoniuzia kanda za muziki nikiwa kijana. Siku hizi linauza vifuniko vya simu. Nikageuka, nikaenda kumchukua mama.

Kliniki walipima makohozi: kifua kikuu.

"Nyumbani kuna mwingine anayekohoa?" muuguzi aliuliza.

"Hakuna," mama akajibu.

"Hata mgeni?"

"Binti yangu, nimesema hakuna."

Nilijua anachoogopa. Alidhani jeshi litamfukuza mwanawe.

"Yuko mdogo wangu," nikasema. "Ni mwanajeshi. Alirudi akikohoa."

Mama alinitazama kama mtu aliyekuta mwizi kitandani mwake. Muuguzi alitueleza taratibu kwamba kosa halikuwa la mirija. Ni hewa ya chumba kilichofungwa, watu wakiwa wamebanana na mmoja anakohoa. Mama hakumtazama yeye, wala hakunitazama mimi. Alitangulia kutoka.

Nilimpigia mdogo wangu nikiwa kando ya barabara, nikizunguka nguzo ya taa, nikamweleza ugonjwa wa mama na kwamba nimemtaja kliniki.

"Umenichoma," alisema. Kisha kikohozi kikamshika, nikamsubiri. "Mama amekonda?"

"Sana."

"Chumbani tuko watatu, wote tunakohoa," akasema. "Wenzangu wanaenda likizo wiki ijayo. Mmoja ana mtoto mchanga."

"Wazuie."

"Nitaenda nao kwa daktari wa kambi leo. Lakini mama usimwambie ni wewe uliyenisukuma. Mwambie nilijipeleka."

Mama alikuwa ameshafika kona. Nikakimbia kumfuata.