Eafoni za Mama Happy

Mikono ya Yunisi na simu havikuwahi kupatana. Tangu boti za dagaa zinapoingia asubuhi pale Bangwe, kando ya ziwa, hadi jua linapokaza juu ya chanja, mikono hiyo ilijaa chumvi, magamba na ule utelezi wa samaki usiokubali kutoka kwa kufutwa mara moja. Simu ikilia, aliiacha ilie. Alipokwisha kunawa na kujikausha kwenye kanga, aliyepiga alikuwa amekwisha kukata. Na mara nyingi aliyepiga alikuwa Happiness, binti yake wa pekee, muuguzi huko Mpanda, ambaye alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza na kila siku alikuwa na jipya la kumsimulia mama yake.

Ndipo Happiness akatuma kifurushi kwa basi. Ndani mlikuwa na kikasha cheupe, laini kama kokoto la ziwani, na ndani ya kikasha eafoni mbili zisizo na waya.

"Ni nini hivyo, Mama Happy?" aliuliza Révérienne, mama wa Kirundi aliyeanika dagaa kwenye chanja ya jirani, ambaye ulimi wake haukujua siku ya mapumziko. "Meno ya bandia?"

"Wewe nawe! Meno ya bandia yanalala kwenye sanduku lenye taa?"

"Yampayinka!" Révérienne alishangaa kwa lugha ya kwao. "Basi ukitafuna tutayaona yakiwaka."

Yunisi alijifunza taratibu. Kwanza aligundua kwamba masikio yake si pacha, ingawa miaka yote aliamini hivyo. La kulia lilitosheka na kimpira cha kati, la kushoto likataka kile kikubwa. Pili, hakuweza kutafuna muhindi wa kuchoma akiwa amezivaa, maana taya likicheza, ile ya kulia ilitoka polepole kama konokono. Tatu, kila alipozivaa, mwanamke fulani aliyekaa humo ndani alitamka neno la Kiingereza, naye Yunisi, kwa kuwa alilelewa vizuri, alimjibu, "Ahsante." Tena zilikuwa nyepesi za kukasirika. Siku moja alikuwa anatengeneza kilemba, kidole kikagusa sikio, akamkatia simu mwinjilisti aliyekuwa akimwombea, kabla hajafika kwenye amina.

Lakini hayo yote aliyasamehe, kwa sababu ya Bariki. Bariki ndiye mjukuu. Happiness alirekodi kila kitu cha mtoto huyo, kikohozi chake, kicheko chake, hata ukimya wake, akamtumia mama yake kwa wasapu. Yunisi akawa anageuza dagaa huku mjukuu anacheka ndani ya kichwa chake. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Happiness, akawashukuru na watu wa mbali asiowajua waliokaa wakafikiri jinsi ya kuipitisha sauti hewani. Ujane wake ulikuwa umempa asubuhi nyingi za kimya. Sasa kimya kilikuwa kimepata mgeni.

Katika furaha hiyo hakuona kwamba anampoteza Veneranda.

Veneranda, ambaye wengi walimwita Mama Alphonce, alikuwa mtu mzima kuliko wote pale ufukweni. Yeye ndiye aliyempokea Yunisi siku aliyoshuka kutoka milimani Kalinzi, mjane kijana mwenye Happiness mgongoni, asiyejua dagaa mbichi wala mkavu. Alimpa nusu ya chanja yake, akamfundisha kuyasoma mawingu, akambeba Happiness ili mama mtu afanye kazi. Yunisi hakuwa na ndugu mwingine ziwani zaidi ya huyo.

Na Veneranda alikuwa Mha wa kale katika jambo moja, yaani salamu. Kwa Waha, salamu hairushwi kama jiwe huku mtu akipita. Mtu husimama, huinama kidogo, hukunja viganja na kuvipiga polepole, "Mwakeye, mwakeye," akauliza habari za nyumbani, za watoto, za usingizi, na mwenzake hupiga viganja vyake akiitikia, mpaka wote wawili waridhike. Asiyeitikia makofi hayo amesema neno baya kuliko tusi.

Asubuhi moja Yunisi aliinua macho akaona kwamba nafasi ya Veneranda kwenye chanja ni tupu. Mama huyo alikuwa amehamisha dagaa wake hadi mwisho wa ufukwe, kwenye mawe, ambako jua huchelewa kufika.

"Amehamia kule kwa nini?" Yunisi aliuliza.

Révérienne alimtazama kana kwamba amemuuliza ziwa liko wapi. "Unaniuliza mimi? Amekusalimu siku ngapi akiwa nyuma yako, anapiga makofi mpaka viganja vimepata moto, nawe umempa mgongo! Sisi tukasema, ah, Mama Happy amepata masikio mapya, ya zamani ameyatupa."

Yunisi alitazama kule kwenye mawe. "Sikusikia! Haki ya Mungu sikusikia. Mbona wengine nawasikia?"

"Wengine tunakuja mbele yako. Tena tunapiga kelele."

Alinawa mikono papo hapo akampigia binti yake.

"Mama," Happiness aliuliza baada ya kusikiliza, "ukivivaa, unavibonyeza?"

"Navikandamiza sana, visidondoke."

"Basi ndiyo hivyo. Ukivibonyeza kwa muda, vinazuia kelele za nje. Ukibonyeza tena vilevile, vinaziruhusu ziingie."

"Happy! Mama Alphonce si kelele!"

"Najua, mama. Ila vyenyewe havijui."

Siku hiyo Yunisi alizirudisha eafoni kikashani, akatembea ufukwe mzima hadi kwenye mawe. Aliinama, akapiga viganja. "Mwakeye, mama. Mwakeye."

Veneranda aliendelea kugeuza dagaa. "Leo masikio yamerudi? Nilidhani siku hizi unasalimiana na watu wa ndani ya kopo tu."

"Mama, ni vile vitu alivyonitumia Happy. Vilikuwa vinazuia sauti, nami sikujua."

"Kitu kama punje ya mahindi kinizuie mimi? Sauti yangu hii inaita watu kutoka mbali kule Katonga!" Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Sema umechoka na salamu za wazee, nitaelewa. Usiseme ni punje."

Yunisi alirudi mikono mitupu. Jioni ugali ulimshinda. Akaweka kikasha mezani akakitazama. Angeweza kukirudisha Mpanda, lakini kukirudisha kulimaanisha kumrudisha Bariki. Na hata akikirudisha, Veneranda angebaki akiamini kwamba alidharauliwa. Mwishowe alimpigia tena Happiness na kumweleza yote, na Happiness akasema, "Mama, usirudishe kitu. Bibi Veneranda niachie mimi."

Kesho yake ujumbe wa sauti uliingia. Yunisi hakuusikiliza. Alibadilisha kimpira cha eafoni ya kulia akaweka kile kidogo kabisa, maana masikio ya Veneranda yalikuwa madogo kama ya mtoto, akaenda nayo hadi kwenye mawe. Révérienne alifuata nyuma bila kualikwa.

"Mama, sikuombi uniamini. Nakuomba uvae hiki tu."

"Kikinilipua?"

"Kikikulipua, mimi nipo pembeni yako, tutalipuka wote."

Veneranda aligeuza sikio. Yunisi alikiweka taratibu, bila kukandamiza, akagusa simu.

Uso wa Veneranda ulibadilika. Kwanza alitazama ziwani, kisha nyuma yake. Makofi ya viganja, polepole, kama yanavyopigwa Kalinzi, yalikuwa yanatoka ndani ya kichwa chake mwenyewe.

"Mwakeye, bibi. Mwakeye. Ni mimi Happy, uliyenibeba. Umeamkaje? Alphonce hajambo? Bibi, usimkasirikie mama. Alikuwa ananisikiliza mimi. Nilimtumia kitu bila kumfundisha, kosa ni langu. Nina mtoto, bibi, msikie."

Kicheko cha Bariki kikafuata. Veneranda aliweka ungo chini. Aliinama, akakunja viganja, akaanza kupiga akiielekea hewa tupu. "Mwakeye, mwana wanje, mwanangu! Mwakeye! Alphonce mzima, dagaa wazima. Mtoto anaitwaje? Happy? Mtoto anaitwaje, nakuuliza!" Aligeuka kwa hasira. "Mbona hanijibu?"

"Ni ujumbe, mama. Aliusema mapema. Hakusikii."

Révérienne alikuwa amekaa mchangani anacheka mpaka machozi. Veneranda hakucheka. Alibaki na viganja vyake vimekunjwa vivyo hivyo, akimtazama Yunisi.

"Hanisikii," alisema polepole. "Na mimi nimekasirika papo hapo. Ningejuaje kama si kuambiwa?" Akateremsha viganja. "Kumbe nawe ndivyo ilivyokuwa, hukunisikia."

"Ndivyo ilivyokuwa, mama."

"Basi nisalimu tena. Vizuri. Ile ya jana niliikataa."

Walisalimiana pale kwenye mawe mpaka habari za nyumbani zikaisha, wakaingia habari za Kalinzi, na hata Révérienne akaacha kucheka.

Baadaye Yunisi alimfungulia Veneranda, aliyekuwa bado na eafoni sikioni, rekodi nyingine za Bariki. Alipoanza kurudi kwenye chanja yake, alisikia akiitwa kwa ile sauti ya kufika Katonga. "Yunisi! Mtoto amenyamaza!"

"Ni kwa sababu nimeondoka, mama. Hiyo eafoni haina waya lakini haiendi mbali na simu."

"Na simu iko wapi?"

"Nimeifunga kiunoni."

Veneranda alitazama dagaa wake kwenye mawe, akatazama ile nafasi tupu kule mbali kwenye chanja, karibu na ya Yunisi. Kisha akajifunga kanga vizuri.

"Révérienne! Usisimame kama mlingoti. Njoo unisaidie kuhamisha dagaa."

Tangu siku hiyo eafoni huvaliwa baada ya salamu, si kabla. Ya kushoto, yenye kimpira kikubwa, ni ya Yunisi. Ya kulia, yenye kimpira kidogo, ni ya Veneranda. Sikio la pili la kila mmoja liko wazi kwa ajili ya yeyote apitaye. Yunisi husema Mungu alimpa zawadi moja, nayo ikazaa nyingine. Dagaa hugeuzwa, jua hupanda, na Bariki akipiga chafya huko Mpanda, wanawake wawili wa Bangwe husema kwa pamoja, wala hawajali kwamba hawasikiki, "Afya, baba."