Kesi ya Meja, Fahali wa Ushirika

Asubuhi ya kesi Mathenge alimsugua Meja kwa brashi ya kufulia mpaka manyoya yake mekundu yakang'aa, kisha akampaka mafuta kwenye pembe. Njoki mkewe alimtazama kutoka mlangoni. Alisema kwamba siku ya harusi yao bwana harusi hakuoga hivyo.

Meja alikuwa fahali. Mzungu mwenye shamba lile la juu ya Sachangwan alipofunga virago, aliwaachia wanachama wa ushirika nyumba inayovuja, trekta isiyowaka na ndama mmoja anayenyonya chupa. Aliyeshika chupa ni Mathenge. Jina la Meja lilikuwa cheo cha yule Mzungu, na watu walimpa ndama jina hilo kwa sababu ilipendeza kumwambia Meja asogee.

Tangu akomae, ndama wote wa ushirika walikuwa wake, na hakuna aliyelalamika. Halafu, katika mvua ndefu za mwaka 1971, ng'ombe wa nyumbani kwa Ngigi, mwenyekiti, akazaa ndama mwenye miguu mitano. Ule wa tano uliota begani, mfupi kama mwiko, na kwato yake laini haikufika chini. Ndama mwenyewe alinyonya vizuri na kukimbia vizuri, ila akikimbia mguu ule ulipunga kama mtu anayesalimia, na watu hawakujua kama waitikie.

Ngigi aliamua kwamba damu ya Meja imeharibika. Apelekwe kwa mchinjaji wa Molo. Ng'ombe aliyezaa hakutajwa. Alikuwa wa Wariara, mke wa mwenyekiti, na hakuna aliyemshinda kwa maziwa. Mathenge aliomba jambo moja tu: daktari wa mifugo asikizwe kwanza.

Ndiyo maana akaja Daktari Rajinder, kijana wa wauza mbao wa Nakuru, aliyetoka chuoni juzijuzi, na gambuti zake za mpira bado mpya. Wanachama walikaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya Ngigi. Meja alifungwa kwenye kigingi kando ya bustani ya maua. Daktari aliupapasa mguu wa tano kwa muda mrefu, akanawa mikono, akamgeukia mwenyekiti.

"Mzee," alisema, "hata sikio lako linajua kutengeneza mguu."

Ngigi alilishika sikio lake. Watu wengine nao wakashika yao.

Daktari alieleza kwamba mwili wote huanza na chembe hai moja, na karibu kila chembe inayotokana nayo hupewa nakala ya amri zote, za pembe, za jicho, za kwato. Chembe ya sikio haikosi amri za mguu, inazuiwa kuzisoma.

"Kuna protini zinazokalia zile amri," alisema, "kama mtu aliyekalia gazeti. Habari zote zimo, lakini husomi mpaka ainuke. Mnyama hupata umbo lake kwa yale anayokatazwa, si kwa yale anayoruhusiwa peke yake."

"Protini ni maharagwe na mayai," Njoki akamkatiza. "Tulifundishwa kliniki."

Wanawake wakamuunga mkono, na mmoja akauliza kama ng'ombe mwenye mimba apikiwe maharagwe. Daktari alicheka, akasema protini ni za aina nyingi: ziko za kujenga nyama, ziko za kubeba hewa katika damu, na hizi zake kazi yao ni kukataza.

"Kumbe hata ndani ya tumbo kuna mama mkwe," alisema Njoki.

Kicheko kilipotulia, Daktari hakuficha kwamba wataalamu walizinasa protini hizo katika vijidudu, tena miaka michache tu iliyopita. Katika ng'ombe bado walikuwa wakikisia. Lakini wako nzi wanaozaliwa na miguu usoni, na wengi hudhani sababu inafanana. Huenda begani mwa ndama huyu kuna aliyeinuka kwenye gazeti kabla ya wakati.

Ngigi hakucheka. "Na nani alimwinua? Si ni huyu ndume?"

"Huenda ni ajali tu ya tumboni. Na kama ni ya kurithi, mzee, nusu ya amri za ndama ni za baba na nusu ni za mama. Huwezi kumchinja mmoja ukamwacha mwingine."

Wariara alikuwa akimenya minji. Mikono yake ikasimama. Hakumtazama daktari, alimtazama mumewe.

"Kwa hivyo ng'ombe wangu naye anaenda buchari?"

"Mimi sijasema hivyo, mama."

"Basi nani amesema? Ama ni Mathenge?"

Mathenge alikuwa na hotuba ndefu aliyoitunga kwa siku nyingi, yenye chozi katikati na dua mwishoni. Alimtazama Wariara, akaona ni heri aikalie. Ngigi alikohoa, akatangaza kwamba kamati haikuwa imeamua kuchinja, ilikuwa ikijadili tu, na mjadala umefungwa.

"Mathenge," alisema Wariara, "toa huyo Meja hapo. Amemaliza maua yangu."

Mathenge alienda kumfungua. Lakini Meja alikuwa ameivuta kamba ikakaza, na fundo alilofunga mwenyewe likamshinda kabisa. Akaliacha, akang'oa kigingi chenyewe, na Meja akateremka akikiburuta nyuma yake, kikichora mstari kwenye matope mpaka zizini.