Hita ya Nyumba ya Kibagabaga

Mimi si mtu wa mizimu. Kwetu Nyamirambo, hapa Kigali, mtu akianza habari za wafu wanaotembea tunamcheka mpaka anyamaze. Lakini hili nililiona mwenyewe, akili timamu, na pombe sijawahi kuonja. Ukitaka kucheka, cheka. Nami nilikuwa nacheka.

Kazi yangu ni ufundi wa mabomba na umeme wa majumbani. Jioni moja ya mvua alinipigia simu Mama Keza, aliyekuwa amehamia nyumba moja ya kupanga Kibagabaga wiki ileile, na kitoto cha miezi minne.

"Fundi, maji ya bafu inatoka na moshi," alisema. "Niko naogopa kuogesha mtoto."

Nilipofika alinionyesha bafu, akarudi chumbani kumbembeleza mtoto. Humo bafuni nikamkuta mzee amesimama chini ya hita ya maji iliyofungwa ukutani, bisibisi mkononi, mfuniko umefunguliwa. Nikajua mama ameita mafundi wawili, jambo linaloniudhi sana, lakini mzee ni mzee, nikamwamkia. Viganja vyake vilikuwa vichafu, basi akanipa kifundo cha mkono nikishike, kama tunavyofanya hapa mtu akiwa kazini.

Wallahi, kilikuwa cha moto kama sufuria inayoepuliwa jikoni. Nikarudi nyuma. Yeye alinitazama kwa huzuni tu.

"Ile ya kukata moto ilikufa, na spea ilikosa mjini," alisema polepole. "Nikaunga nyaya moja kwa moja. Na valvu nikaiziba, ilikuwa inadondosha maji. Niliwaambia nitarudi. Zima umeme, mwana wanjye."

Unaelewa maana yake? Hita haina cha kuizuia isichemke, na mvuke hauna pa kutokea. Ile ilikuwa bomu, na nyuma ya ukuta uleule palikuwa na kitanda cha mtoto. Nilikimbia hadi swichi kuu, hapo koridoni, nikazima.

Niliporudi bafu lilikuwa tupu. Mlango ni mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Mfuniko wa hita ulikuwa umefungwa, skrubu zote zimeshika kutu.

"Fundi mwingine ameenda wapi?" nilimuuliza Mama Keza.

"Mwingine nani? Ni wewe tu nimeita."

Tukampigia mwenye nyumba. Nilipomweleza sura ya yule mzee, alisema huyo ndiye aliyetengeneza hita mwaka jana, akaahidi kurudi na spea, akafariki wiki hiyohiyo, na nyumba ikakaa bila mpangaji mpaka alipohamia Mama Keza. Mwenye nyumba mwenyewe alienda kumzika. Maji yalipopoa nilifungua mfuniko, na nyaya zilikuwa vilevile alivyosema mzee.

Tangu siku hiyo kiganja changu cha kulia hakijui moto wala baridi. Daktari hakuona kitu. Nyumbani ni mke wangu anayejaribu maji ya kuogesha watoto, mimi siaminiki tena.

Hilo nimelizoea. Kinachoniogopesha ni kwamba alichofanya mzee yule, mimi nimekifanya mara nyingi. Spea ikikosekana na mteja akitaka maji ya moto leo, unaunga moja kwa moja, unasema nitarudi, na mambo yanakuzidi. Nimezunguka Kigali yote nikirekebisha hita nilizozikumbuka. Imebaki moja ya Busanza. Waliokuwa wakiishi humo walihama, mageti ya mtaa ule yanafanana, na nimebisha hodi mpaka watu wananiona mwizi.

Kama unakaa Busanza na maji yako yanatoka na mvuke, zima umeme kwanza, kisha ita fundi yeyote. Na nawe fundi mwenzangu, ukisema utarudi, rudi. Mimi bado naitafuta nyumba ile kila Jumapili, maana naogopa kuja kuipata nikiwa nimeshazikwa.