Nimechambua mpira nikiwa nimesukwa nusu kichwa

Jamani, usimchambulie msusi timu yake kabla hajamaliza kichwa chako.

Leo nipo saluni Mtoni kwa dada Zuhura, maana kesho namsimamia mdogo wangu harusini. Upande wa kulia ameshamaliza, kazi safi kabisa.

Redioni wakatangaza timu yake imechapwa tena.

Mie na mdomo wangu!

"Dada Zu, nyie mzunguko wa kwanza mlikuwa moto. Huu wa pili mabeki wamechoka, kiungo anarudisha pasi nyuma tu, na kocha anabadilisha kikosi kila mechi. Mmekwisha!"

Vidole vikasimama kichwani. (Nikadhani anatafuta kitana.)

Akanigeuza nitazame kioo. Kulia mistari imenyooka, kushoto nywele zimetimka kama nimekimbizwa na mbwa.

"Haya, mchambuzi. Mzunguko wa kwanza umependeza, sio? Wa pili kamalizie kwenu."

Akaita, "Mteja mwingine!"

Nimerudi nyumbani na kilemba. Nani anamjua msusi asiyeshabikia timu yoyote? Fasta, harusi ni kesho.

Ila yule kiungo akae benchi. Nimemaliza.