Mwenye Nchi Alipokwenda Kuwinda

Nimechoka kulaumiwa na mwanzo wa dunia. Nasema hivi nikiwa nimekaa kibarazani kwangu Katandala, mjini Sumbawanga, miguu imevimba, na mjukuu wangu amerudi sasa hivi kutoka mafundisho ya komunyo ya kwanza na habari kwamba tunakufa kwa sababu mama wa kwanza alikula tunda. Amezisema kwa furaha, kama mtu aliyegundua nani kaiba sukari. Nikamuuliza, na baba wa kwanza je? Akasema naye alikula, ila yeye alipewa. Hiyo "ila alipewa" naijua tangu nikiwa mdogo kuliko yeye.

Nilizaliwa kijijini, upande wa njia ya kwenda Laela, katika nyumba ambayo Jumapili ilikuwa ya kanisa na jioni zote zilizobaki zilikuwa za Wafipa. Kanisani dunia iliharibiwa na mwanamke kwa tunda. Nyumbani, nchi ya Ufipa ilipotea kwa mwanamke na kigoda. Wafipa wa rika langu wengi wanaijua: mtu wa kwanza alishuka kutoka mbinguni, nchi ikawa yake. Siku moja akaenda kuwinda, akamwonya mkewe kwamba wakija wageni asiwape kigoda chake cha utawala. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali, wamechoka, na yule mke akawapa kigoda wakakalia. Mume aliporudi, utawala ulikuwa umekwenda. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyeisimulia vizuri kuliko wote, na kila alipofika kwenye kigoda aligeuza shingo kuelekea jikoni, walikokuwa wanawake.

Nimekuja kuona kwamba hadithi hizi hazisemi sana dunia ilianzaje. Zinasema kwa nini maisha ni magumu: kwa nini tunakufa, kwa nini tunalima kwa jasho, kwa nini huyu anatawala na yule anamchotea maji ya kuoga. Lazima apatikane mtu wa kubeba lawama, na anayekutwa nyumbani ni mwanamke, kwa sababu mwanamume ametoka.

Baba yangu naye alitoka. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye nguvu akajiona tajiri wa kesho. Chama cha ushirika kilikuwa hakinunui tena mahindi, au kilinunua na kuchelewa kulipa, na mbolea ya ruzuku tuliyoizoea ikawa ya kununua kwa bei ya dukani. Malori ya watu binafsi yakaanza kuja kutafuta nafaka. Baba akapanda mojawapo kwenda Tunduma, mpakani, akasema anakwenda kutafuta maisha na atarudi kabla ya masika. Masika yalikuja, yakaisha, yakaja mengine.

Mama alibaki na sisi watoto na shamba la mtoni. Lilikuwa shamba la ukoo, lakini ndilo lililotulisha, na aliyelilima alikuwa yeye. Kwa kuwa hakuwa na hela ya mbolea, alirudia kilimo cha bibi zetu cha ntumba: mvua zikikaribia kwisha unakata majani, unayalundika, unayafunika kwa udongo mpaka yanakuwa matuta ya mviringo, yaoze humo hadi msimu ujao. Ni kilimo kizuri. Wataalamu wakija hukisifu sana, wakiwa wamesimama. Mimi nilikifanya na mama, na ninachokumbuka ni mgongo.

Msimu wa pili bila baba, ikaja familia ya Wasukuma na ng'ombe wao, ikapiga kambi ng'ambo ya mto. Kijijini waliangaliwa kwa jicho la pembeni. Mama alikwenda kuwasalimia, kwa sababu yule mama wa kwao alikuwa mjamzito na alichota maji mahali pamoja nasi. Wakaelewana. Ng'ombe wao watakokota plau kwenye shamba letu lote, na baada ya mavuno watalala humo waache samadi. Kwa malipo ya kazi hiyo, Wasukuma walime nusu ya shamba kwa mwaka mmoja. Mwaka ule mama alinyooka mgongo. Nilimwona akirudi kutoka shambani jua bado lipo, na sikuwa nimezoea.

Siku moja tukipumzika ukingoni mwa shamba, yule jirani alitusimulia hadithi ya bibi yake. Alisema zamani mbingu ilikuwa karibu, mtu anaigusa kwa mkono, na hakuna aliyejua njaa. Mwanamke mmoja alikuwa akitwanga uwele kwa mchi mrefu, na kila akiinua anaichoma mbingu. Mbingu ikakasirika ikaenda juu, ndiyo maana sasa tunalima. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mume wa huyo mwanamke alikuwa wapi. Jirani akafikiri, akasema nadhani alikuwa amekaa anangoja ugali. Walicheka mpaka yule jirani akashika tumbo, nami nikaogopa asije akajifungulia pale. Sijui kama Wasukuma wote wanayo hadithi hiyo. Nilijua tu kwamba hata huko walikotoka, yupo mwanamke aliyekosea.

Baba alirudi mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Alikuja na redio isiyo na betri na koti la mtumba. Kabla hajamaliza kunywa uji, baba mkubwa alikuwa ameshamfikia na kumwambia mkewe ameingiza wageni kwenye ardhi ya ukoo. Jumapili yake, baada ya misa, kikao kikakaa uani kwetu. Wanaume walikaa kwenye viti, wanawake mkekani. Hoja ilikuwa moja: Wasukuma waondoke na mama anyang'anywe shamba la mtoni, au aachwe nalo.

Baba mkubwa hakuanza na shamba. Alianza na mtu aliyeshuka kutoka mbinguni. Akasimulia kwa utulivu, sauti yake nzuri ileile, onyo, wageni watatu, kigoda, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Alipomaliza hakuwa na haja ya kuongeza neno. Mama alikuwa ameshahukumiwa kabla ya kuzaliwa. Nilihisi hasira mpaka meno yakauma, lakini nilikuwa binti, na binti hasemi kikaoni.

Wakamuuliza mama ana la kusema. Akasema, bila kupandisha sauti, "Shemeji, naomba kuuliza. Yule mwenye nchi aliporudi kutoka kuwinda, alirudi na nyama?"

Baba mkubwa akasema hadithi haisemi hivyo.

"Najua haisemi," mama akasema. "Ndiyo maana nauliza. Maana mke alikuwa nyumbani na watoto, na watoto hawali onyo."

Baba yangu alitazama viatu vyake. Nilimtazama nikitaka aseme kitu, neno moja tu, hata kwamba hawa watoto amewakuta wameshiba. Hakusema. Mzee mmoja alikohoa, akasema hadithi za wakubwa hazihojiwi, na kikao kikarudi kwenye njia yake.

Waliamua Wasukuma wavune kisha wahame. Mama aliachwa na shamba, kwa huruma, walisema. Yule jirani alikuja kuaga akiwa na mtoto mgongoni. Walikuwa wanateremkia bonde la Ziwa Rukwa, ambako walisikia kuna malisho. Yeye na mama walishikana mikono muda mrefu. Baba naye akarudi Tunduma. Mvua zilipokaribia kwisha tukaanza tena kukata majani.

Mwaka uliofuata tulisikia trekta. Lilikuwa kwenye shamba la mtoni, na juu yake alikaa dereva wa mfanyabiashara wa mjini Sumbawanga aliyetaka kulima maharage ya kuuza. Baba mkubwa alikuwa amemuuzia, na baba alikuwa amekubali akiwa hukohuko Tunduma. Mama hakuambiwa na mtu. Aliambiwa na trekta. Ntumba zetu zilisawazishwa asubuhi moja, majani yakiwa hayajaoza. Hakuna kikao kilichoitwa. Nilimuuliza mama tutalima wapi. Akasema hajui, nishike kikapu tuokote maboga kabla hayajakanyagwa.

Baada ya hapo alilima vishamba vya kuazima, kila mwaka mahali pengine, na kila mwaka mbali zaidi. Mgongo haukunyooka tena. Mimi nilisomeshwa kwa vishamba hivyo, na siwezi kulifikiria jambo hilo kwa muda mrefu.

Mama tulimzika kijijini mwaka juzi. Siku ya pili ya matanga nilikuwa nikigawa chai kwa vijana waliokaa uani, nikamsikia mjukuu wa baba mkubwa akiwaeleza wenzake kwa nini ukoo wetu hauna ardhi mtoni. Alisimulia vizuri, sauti imemfuata babu yake. Alisema mume alikuwa amesafiri, wakaja wageni na ng'ombe, na bibi huyu tuliyemzika jana akawakaribisha, shamba likaenda.

Niliweka birika chini. Nikamwambia shamba liliuzwa na babu yake, na siku linauzwa mama yangu alikuwa na jembe mkononi. Kijana aliinuka kwa adabu, akalichukua birika, maana ana malezi mazuri.

"Pole, shangazi," alisema. "Sisi ndivyo tulivyosimuliwa."