Kisa cha Shoka Nilichokitunga

Mchina aliyesimamia magreda katika kambi ya barabara nje ya Butiama alikuwa mwanafunzi wangu wa Kiingereza kila Jumamosi. Misemo yenye ndugu zake katika Kichina aliidaka papo hapo. Ule wa kumwagia moto mafuta sikumfundisha mimi, alikuja nao. Ile isiyo na ndugu aliitakia kisa. Misemo ya Kichina, alisema, mingi ina maneno manne tu, na nyuma ya hayo manne kuna vita, mfalme, kichwa kilichokatwa. Bila kisa, msemo haukai.

Tukafika kwenye kufukia shoka, yaani kupatana. Kisa chake sikukijua. Lakini nina shahada ya Kiingereza, na mwenye shahada huona aibu kusema hajui. Nikamwambia ni desturi ya hapahapa Mara: mkosaji huchimba shimo mbele ya aliyemkosea, huweka shoka ndani, hufukia. Akaandika yote.

Wiki iliyofuata greda lilimponda ng'ombe. Wenyewe wakaja, wanaume kumi na zaidi, na marungu na mapanga. Niliitwa nitafsiri.

“Alikuwaga na mimba, mwalimu,” mwenye ng'ombe aliniambia, kwa upole wa kutisha. “Mwambie huyo.”

Sijafungua mdomo, mwanafunzi wangu alishachukua sururu na shoka. Akachimba haraka, uso umejaa heshima. Wao waliona mtu mwenye shoka anawachimbia kaburi. Aliyejua anachofanya nilikuwa mimi peke yangu, na sentensi moja ingetosha. Ila ningelazimika kueleza desturi hiyo ameitoa wapi. Nikanyamaza.

Rungu la kwanza lilimvunja taya. La pili, mkono wa kushoto. Alipoangukia shimoni walimfuata humohumo kwa mateke, udongo ukawa matope mekundu. Ndipo nikapiga kelele kwamba anaomba radhi.

Mwenye ng'ombe akawazuia wenzake, akanigeukia. “Na wewe ulikuwa unangoja nini?”

Hospitalini Musoma, taya limefungwa kwa waya, aliniandikia kwenye karatasi: alikosea wapi? Shimo lilikuwa refu mno? Shoka lilitakiwa liwe la mwenye ng'ombe?

“Hakuna desturi kama hiyo,” nilimwambia. “Niliitunga.”

Aliweka kalamu chini, akanipiga ngumi ya mdomo kwa mkono uliobaki mzima. Ilikuwa ngumi nzuri. Muuguzi alikuja na pamba, akanifuta damu, akauliza huyu mgonjwa ni nani kwangu.

Nikasema ni mwanafunzi wangu.