Nilidhani buti moja la kuni litatuvusha winter ya Minnesota

Wakuu, heshima kwenu. Haya ni kweli tupu, ila nikianza kutaja baridi punguzeni wenyewe.

Tunaishi Anoka, juu kidogo ya Minneapolis. Mimi mtu wa Makete, shule yangu ni cheti cha masomo ya jioni tu, lakini kwenye kuni nilijiona profesa.

Januari furnace, ile mashine ya kupasha nyumba joto, ikafa. Fundi akasema kipuri hakuna, tusubiri wiki. Sebuleni kuna jiko la kuni, la chuma.

Nikamwambia wife, "Tulia. Hapa umepata mume."

Ndani kuna Neema, mtoto mchanga, na mama mkwe aliyekuja kutusaidia kulea.

Nikaleta kuni buti zima la gari. Kwetu hizo zinapikia msiba na wageni wanabakiza.

Sasa tatizo. Kwetu chai ikiiva unavuta vijinga vya moto, unavizima kwenye jivu, unatunza. Mama mkwe naye kalelewa hivyo hivyo.

Basi maji ya mtoto yakichemka, tunavuta vijinga. Moshi unajaa, alarm inalia hadi Canada wanasikia. Tunafungua dirisha, minus twenty inaingia bila hodi.

Tunawasha tena. Tunazima tena.

Siku ya pili kuni kwisha, mafuta ya kupikia yameganda kabatini.

Wife akaanza kupanga nguo za mtoto kwenye begi. "Baba Neema, ikifika jioni bado baridi, sisi tunaenda kwa dada, kule Shakopee. Wewe baki na jiko lako."

"Usimwonee baba wa watu," mama mkwe akanitetea. "Matumizi ya kuni tunayabana vizuri tu."

"Mama, ndiyo maana tunaganda!"

Nikakimbilia kwa jirani, mzee wa Kimarekani. Rundo lake la kuni lingejenga daraja hadi Makete. Nikamuuliza jiko anazima saa ngapi.

"Nawasha October," akasema. "Nazima April."

Winter moja anakula cord tano. Cord moja ni kama pickup mbili zilizojaa, wakuu. Akanikopesha kuni za pickup moja.

Safari hii hakuna kuvuta kijinga. Mama mkwe kila gogo likiingia anaguna: "Yote hayo, na juu hakuna hata sufuria!"

Nilichojifunza: jiko la kupikia unalizima, la kupasha nyumba unalilisha tu.

Mlioko kwenye baridi, nyumba zenu zinakula kuni kiasi gani? Semeni nisijione peke yangu.

Wife? Jioni mafuta yalipoyeyuka, alitoa nguo za mtoto kwenye begi. Begi tupu akanirushia.

"Kabebee kuni."